Riwaya ya Baiskeli Niliyoishona Ovyo

Kabla hujaanza kukitengeneza kitabu kilichoachana kurasa, chukua penseli. Weka nambari ndogo pembeni mwa kila ukurasa, hata kama nambari za mpiga chapa unaziona hapo wazi. Usiseme utakumbuka. Hutakumbuka. Mimi nilisema nitakumbuka, na watu wa mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi, wakasoma riwaya iliyoenda mrama kwa miaka minne, tena wakiisifu.

Nyinyi mnaoanza kazi ya maktaba siku hizi mmeniita nije niwape mawaidha. Mawaidha sina. Nina makosa, na hayo ninayo ya kutosha kila mmoja wenu apate lake aende nalo nyumbani. Leo nitawapa moja tu, lile kubwa.

Jina langu Nafula. Wazee waliniita Mama Wekesa, wanafunzi Madam, na vijana wa pale kona wakaniita Mathe. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa mtaa, si mbali na barabara ya Jogoo. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wakifanya mazoezi ya ndondi. Unaweza kuwa umezama katika hadithi ya huzuni, binti yuko kitandani anakata roho, mara unasikia mtu akipiga kelele, "Inama! Inama! Mpige mbavu!" Wasomaji wetu walizoea. Wengine walihamia maktaba nyingine, wakarudi wakisema huko kimya kinawaumiza kichwa.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Kilonzo, mtu mwembamba aliyenukia unga siku zote. Yeye ndiye aliyekuwa akishona vitabu. Gundi ya dukani aliidharau kabisa. Alichemsha yake mwenyewe: unga wa ngano, maji baridi kwanza, ukoroge mpaka madonge yaishe, ndipo uweke motoni. Ikianza kung'aa unatia chumvi kidogo na matone mawili ya mafuta ya karafuu, mende wasije. Mara yangu ya kwanza nilitumia unga wa mahindi, maana ndio uliokuwa karibu. Mzee Kilonzo aliingiza kidole, akanusa, akaniuliza, "Nafula, hii tuipake au tuinywe?" Nikajitia ujuzi, nikaipaka hivyo hivyo kwenye kamusi kubwa. Baada ya wiki moja mende walikuwa wameanza herufi A na wamefika D.

Mzee Kilonzo alikuwa na kasoro moja. Hakuwa akisoma. Alishona mamia ya vitabu na hakujua hata kimoja kinasema nini. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani daktari wa meno hutafuna kwa meno ya mgonjwa?"

Sasa tuje kwenye hiyo riwaya. Ilikuwa ya zamani sana, ya mambo ya sayansi ya kubuni, na watu waliiita tu "ile ya baiskeli." Inamhusu fundi mmoja aliyeunda baiskeli ya kusafiri katika wakati. Ukikanyaga mbele unaenda kesho, ukikanyaga kinyumenyume unarudi jana. Fundi huyu amekosana na ndugu yake wa tumbo moja, basi kila mara anarudi nyuma ajaribu kuuzuia ule ugomvi. Akirekebisha jambo hapa, jingine linaharibika kule. Tulikuwa na nakala moja tu, na haikukaa kwenye rafu hata siku mbili.

Mvua za mwaka ule zikavuja paa. Maji yaliingia rafu ya chini, ikalowa riwaya yetu. Mzee Kilonzo alikuwa likizoni kwao Mwingi, nikaona sasa ndio wakati wangu wa kuonekana. Nilizikausha kurasa moja moja, nikakata sehemu ya chini iliyokuwa imeoza, na kwa kisu hicho hicho nikazikata nambari zote za kurasa, maana zilikuwa chini. Ukurasa wa yaliyomo ulikuwa umegeuka uji. Sikushtuka. Kurasa zilikuwa zimepangwa mezani vizuri, kilichobaki ni sindano nene ya kushonea magunia na uzi uliopakwa nta.

Ndipo paka wa mlinzi akaruka mezani.

Sitaki kusema zaidi juu ya yule paka, ameshafariki. Niliokota kurasa sakafuni nikiwa nimepiga magoti. Zile za sura moja niliweza kuziunganisha kwa kufuata sentensi. Tabu ilikuwa sura zenyewe. Hazikuwa na nambari, zilikuwa na vichwa vya neno moja tu: Mvua, Kengele, Mlango, Sahani, na vingine vitano vya namna hiyo. Na hii ni hadithi ya mtu anayeruka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine! Hapa ni mzee, pale ni kijana, kule hata hajazaliwa vizuri. Ningejuaje kinachotangulia? Nikazipanga kama moyo ulivyonituma. Ile sura ya Sahani, ambapo ndugu wawili wanakula sahani moja huku mama yao akiwatazama, niliiweka mwisho kabisa. Napenda hadithi inayoishia nyumbani, watu wakila.

Mzee Kilonzo aliporudi alikigeuza kile kitabu, akavuta uzi, akagonga mgongo wake kwa ukucha. "Umekishona vizuri sana," akasema. Nililala na furaha siku ile.

Sasa, tulikuwa na daftari. Lilifungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, na yeyote aliyemaliza kitabu aliandika maoni yake. Kama mna daftari la namna hiyo huko mliko, lisomeni kuliko mnavyosoma vitabu. Riwaya ya baiskeli ilijaza kurasa nyingi kushinda vitabu vyote.

Mama Atieno, muuza samaki wadogo wa omena, aliandika: "Huyu mwanamume amerudi nyuma miaka thelathini na hata hamwambii babake anunue ploti. Sijaona mjinga kama huyu." Kijana mmoja aliyekuwa akijiita Prezo akaandika: "Stori ni noma, lakini huyu budaa anajisumbua. Iliyopita ishapita, msee." Chini yake mtu mwingine kwa mwandiko wa kike akamjibu: "Na wewe deni la msamaha unalo, usijifanye." Sikuwahi kujua walikuwa na nini hao wawili. Njoroge, fundi wa baiskeli kutoka Mathare, alijaza kurasa mbili na kuchora mchoro. Hoja yake ilikuwa kwamba baiskeli ya kawaida ukiikanyaga kinyume, pedali zinazunguka bure na gurudumu halina habari. "Mwandishi," akamaliza, "hajawahi kumiliki baiskeli."

Lakini bingwa wa maoni alikuwa Mwalimu Oduor, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata wakati wa jua kali. Kila Jumamosi asubuhi wasomaji wapatao kumi walikusanyika kuzungumzia vitabu, na yeye ndiye aliyewaongoza. Alikuwa ameipenda riwaya ile kupita kiasi.

"Tazameni," alikuwa akisema, kidole juu, "mwandishi wa kawaida angetuanzia mwanzoni. Huyu la! Anauvunja wakati kama kioo, anatuachia vipande tuokote wenyewe. Kwa nini sura ya Mlango inakuja ya tatu? Fikirini! Fundi anabisha mlangoni kwa ndugu yake, halafu hatuambiwi kilichotokea, tunaruka moja kwa moja mpaka kwenye Kengele. Huo ndio umahiri!"

Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa nyuma pale, nikidhani kweli mwandishi alifanya hivyo na mimi nimebahatisha. Kichwa cha mtu kikitaka kujidanganya hakihitaji msaada.

Katika kundi hilo kulikuwa na Mzee Salat. Alikuwa muuzaji wa jumla wa mashuka na mapazia pale Majengo, mtu mkubwa wa mwili, ndevu nyekundu za hina, sauti kama ngoma. Yeye hakuwa akiandika katika daftari, alisema mwandiko wake ni siri ya Mungu. Lakini kile kitabu alikiazima mara tano. Mara ya tano nikamuuliza, "Mzee, hujakimaliza?"

"Nimemaliza, mama. Narudi kuangalia mwisho tu."

Siku moja, tukiwa tunapanga viti, akanieleza. Alikuwa na mdogo wake, Adan, na kwa miaka saba hawakuwa wamesemezana. Mama yao alifia nyumbani kwa Adan. Salat alikuwa safarini akitoka Garissa, lori likawaharibikia njiani, simu ikazimika. Alipofika Nairobi, mama alikuwa ameshazikwa. "Adan hakunisubiri," akasema. "Sikuuona uso wa mama." Na huyo Adan aliishi wapi? Eastleigh. Kutoka Majengo ni mwendo wa miguu, hata jasho halijakutoka umefika. Miaka saba!

"Lakini nasoma kile kitabu," akaniambia, "naona mwisho wamekaa, wanakula, mama yupo. Nasema basi, Mungu ana siku yake. Siku moja Adan ataniita."

Nikamwambia inshallah, nikaendelea na viti.

Mwaka wa nne likaja sanduku la vitabu vya msaada. Mzee Kilonzo alikuwa ameshastaafu, mimi ndiye niliyebaki mkubwa. Nikafungua sanduku, na juu kabisa palikuwa na ile ya baiskeli, nakala nyingine, nzima, yenye nambari zake zote na ukurasa wa yaliyomo. Nikaufungua kwa furaha. Sura ya kwanza: Sahani. Nikadhani ni kosa la wapiga chapa. Nikatafuta ya mwisho. Mlango.

Wenzangu, nilikaa chini. Kumbe ile ya kula sahani moja ndiyo iliyoanza, walipokuwa bado watoto. Na mwisho wa kweli, fundi amechoka na safari zake, anaiegemeza baiskeli ukutani, anaenda kwa miguu hadi kwa ndugu yake, anabisha. Kitabu kinaishia hapo.

Nilifanya jambo ambalo mtu wa maktaba hapaswi kulifanya. Nilikificha kitabu. Nilikitia chini ya magazeti ya zamani nikakaa nacho wiki mbili kama mtu aliyeficha nyama ya wizi. Kila Mwalimu Oduor aliposema "umahiri" niliongeza gazeti jingine juu yake. Mwishowe nikampigia simu Mzee Kilonzo huko Mwingi, nikamweleza yote, na paka nikamtaja. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, mkewe akachukua simu akaniuliza nimemfanya nini.

Aliporudi kwenye simu nikamwambia, "Mzee, nikinyamaza nani atajua?"

"Uzi utajua," akasema. "Waambie, Nafula. Aibu ya kushona vibaya ni ya siku moja. Ukificha, kila atakayekifungua kile kitabu utajiuliza kama ameona."

Jumamosi hiyo nikasimama mbele yao na nakala mbili mikononi. Nikasema kila kitu: mvua, kisu, nambari. Mwalimu Oduor aliivua ile kofia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa na upara unaong'aa.

"Kwa hiyo, Madam," akasema polepole, "ule uvunjaji wa wakati… ile sura ya tatu… yale niliyoyafundisha hapa miaka minne…"

"Ilikuwa paka, Mwalimu."

Mama Atieno akaanza kucheka, na baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Njoroge alishika tumbo. "Na hata kwa mpangilio mpya," akasema akijifuta machozi, "ile pedali bado haikubali!" Mwalimu Oduor alingoja watulie, akaivaa tena kofia yake, akatangaza kwamba baada ya kutafakari ameona nakala mpya ndiyo iliyoharibiwa, na yangu ndiyo bora. Mpaka leo hajabadilisha msimamo. Nampenda kwa hilo.

Ni Mzee Salat peke yake ambaye hakucheka.

"Mwisho wa kweli ni upi?" akauliza. "Usome."

Nikausoma. Ni kurasa nne tu. Fundi anaegemeza baiskeli. Anatembea. Anainua mkono, anabisha.

"Halafu?"

"Basi, Mzee. Kinaishia hapo."

"Nani anafungua?"

"Mwandishi hakusema."

"Na ile sahani? Na mama?"

"Hiyo ilikuwa mwanzo."

Alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. "Mama Wekesa," akasema, na ile sauti yake ya ngoma ilikuwa imeshuka sana, "miaka minne nimekaa nangoja kuitwa kula. Umenikalisha. Wallahi, wewe na paka wako mmenikalisha."

Akatoka. Nyinyi mtakosea tarehe, mtampa mtu kitabu cha mapishi akiwa ameomba cha sheria, watu watawasamehe. Lakini sijawahi kuonja kosa chungu kama lile. Nilifikiri nimeharibu kurasa. Kumbe zilikuwa siku za mtu.

Wiki tatu Mzee Salat hakuonekana. Wiki ya tatu nikaenda dukani kwake Majengo kumwomba radhi. Nikamkuta binti yake mkubwa, Hodan, akikunja mashuka.

"Baba hayupo. Kila alasiri anatoka kutembea."

"Anatembea kwenda wapi?"

Akatazama huku na huku, kisha akaniambia kwa kunong'ona, "Anaenda Eastleigh kwa ami Adan. Anafika mlangoni, anarudi. Jana amerudi na mahindi ya kuchoma mawili. Anasema alienda kununua mahindi. Eastleigh! Mahindi si yapo hapo nje?"

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwachia salamu, nikarudi kazini.

Siku kumi baadaye, Jumatano, mlango wa maktaba ukafunguliwa, akaingia Mzee Salat. Nyuma yake alikuwa Mzee Salat mwingine, mwembamba kidogo, ndevu bila hina.

"Huyu ni Adan," akasema, kama anayenionyesha mzigo uliochelewa bandarini. "Anataka kukiona hicho kitabu."

Nikawapa viti. Nikamuuliza Mzee Salat kwa upole ilikuwaje.

"Siku ya kwanza nikakuta mlango umepakwa rangi nyingine. Nikasema labda wamehama, nikarudi. Siku nyingine nikasikia sauti yake ndani, akipiga chafya. Mdogo wangu anapiga chafya mara tatu tatu tangu utotoni. Nikarudi. Jumapili, basi, nikabisha. Kikafungua kitoto cha kike, hakinijui, miaka mitano. Kikanitazama kutoka chini mpaka juu, kikageuka, kikamwita babake, 'Aabo, kuna mzee amekuja na uso wako!'"

"Nikatoka na maji usoni," Adan akadakia, "nilikuwa nikitawadha."

"Kwa hiyo mmeelewana?" nikauliza.

"Hapana!" wakasema pamoja.

"Hajaelewa," Adan akasema. "Nimemwambia, jua lilikuwa linazama, masheikh wamesimama, simu yake imezimika. Nilimpigia mpaka kidole kikauma. Anasema ningengoja."

"Ungengoja," Mzee Salat akasema.

"Unaona? Tangu Jumapili. Anakuja, anakula, anasema ningengoja, anaenda. Kesho yake anarudi."

Nikawaletea nakala zote mbili. Mzee Salat alichukua ya kweli, Adan akachukua ile yangu na ya paka. Walikaa meza moja, bega kwa bega, kama wanafunzi walio na kitabu kimoja. Haikuchukua muda. Adan alifika mahali akasema fundi huyu ni mpumbavu, mtu mwenye akili angetuma ujumbe kwanza. Mzee Salat akamwambia ujumbe ni wa waoga. Adan akauliza nani mwoga, aliyefika mlangoni mara kwa mara akarudi? Mzee Salat akapiga meza. Wakahamia Kisomali, na hapo sikufuata tena ila jina la mama yao, waliyemtaja mara nyingi, kwanza kwa kelele, halafu taratibu, halafu Adan akaeleza jambo kwa mikono, kama mtu anayeonyesha jinsi sanda ilivyofungwa, na kaka yake akaitazama ile mikono. Kisha wakaanza kubishana tena, kwa sauti ya juu kuliko ya kwanza.

Mwalimu Oduor, aliyekuwa akisoma gazeti pembeni, alikuja hadi mezani kwangu.

"Madam," akasema, "kuna kelele."

"Nimesikia, Mwalimu," nikamjibu, nikachovya brashi kwenye gundi, nikaendelea na kazi yangu.